Mbwa wa kunusa sukari ya mwanangu: nyota 4, na nawaambia ile moja imeenda wapi

Jamani nimeulizwa sana inboksi kuhusu huyu mbwa wetu aliyefunzwa kunusa sukari ya mwanangu ikishuka, hasa na kina mama wenye watoto wa kisukari aina ya kwanza, kwa hivyo nimeona niandike mara moja kila mtu asome. Tunaishi Columbus, Ohio. Kijana wangu ana miaka 9, sukari aliipata akiwa na 6, na shida yake kubwa ikishuka usiku yeye hasikii kitu, hatoki jasho, hatetemeki, amelala tu huku inaporomoka. Sensa ya mkononi anayo, lakini ile inapima maji ya chini ya ngozi sio damu yenyewe, kwa hivyo inachelewa dakika kadhaa, na sukari ikishuka kwa kasi hizo dakika ni nyingi.

Mwalimu wa mbwa tuliyemwendea kwanza alitaka dipoziti dola 5,000 na akatuahidi mbwa asiyekosea kabisa, tena na cheti juu. Niliondoka. Hapa Marekani sheria ya ADA, ile ya haki za watu wenye ulemavu, haidai cheti chochote wala hakuna daftari la serikali la kuwaandikisha hawa mbwa, ukiingia dukani wanaweza kukuuliza mambo mawili tu, kama mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu na amefunzwa kufanya kazi gani, basi. Anayekuuzia cheti anakuuzia karatasi.

Huyu wa pili ndiye ninayemsifu. Kazi ilianzia kwetu nyumbani: mtoto akishuka chini ya 70 (kwa kipimo cha huku, mg/dL) anatafuna kipande cha gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, sekunde chache ndio anywe juisi, mimi nimevaa glavu, gozi inaingia kwenye kichupa, saa na namba ya sukari vinaandikwa juu, halafu friza. Na za sukari ikiwa sawa pia tulichukua, maana mbwa asipopewa zote mbili atajifunza harufu ya mtoto tu badala ya harufu ya kushuka. Kisha gozi zinawekwa kwenye makopo yenye matundu yanayopangwa chini, Kahawa (ndio jina lake, ni labrado wa kahawia) anapita ananusa moja moja, akikaa kwenye lile lenye harufu ya kushuka anapata kipande cha kuku papo hapo. Baadaye akafunzwa kumgusa mtoto goti, na usiku kuja kuniamsha mimi.

Sasa kitu kilichonifanya nimwamini huyu mwalimu ni hiki. Makopo yalikua yanapangwa na mtu mwingine kisha anatoka chumbani, na aliyeshika kamba hajui lipi ni lipi. Mbwa anakusoma wewe, uso wako, pumzi zako, ukijua jibu utakaza mkono kidogo bila kujijua na yeye atalipata kwako sio kwenye kopo. Ukienda kwa mwalimu yeyote muulize hilo kwanza, na muombe daftari la makosa. Wetu alitupa lake bila kuombwa.

Na yeye ndiye aliyetuambia hakuna mbwa wa mia kwa mia. Wataalamu wa Cambridge mwaka 2016 walipima pumzi za wanawake 8 wenye kisukari wakakuta gesi inaitwa isoprini inapanda sukari ikishuka, huenda ndiyo wanayoinusa, na utafiti wa Bristol wa 2019 ulifuata mbwa 27 Uingereza, wakashika kama 83 katika kila mara 100 sukari iliposhuka. Hizo zingine zinapita. Kwetu pia, usiku mmoja Kahawa alilala fofofo mtoto akiwa 55, sensa ndiyo iliyolia. Lakini Februari sensa inasoma 92, Kahawa amenivuta shuka mara tatu, nikamfukuza, akarudi, nikamtoboa mtoto kidole nikakuta 64. Nilikaa pale kitandani nalia nimemshika mtoto na pakiti ya juisi.

Kwa Waislamu wenzangu, mume wangu naye alikua mgumu, sisi ni Washafii na mate ya mbwa ni najisi. Tukamuuliza sheikh wetu, akasema mbwa aliyefunzwa kwa haja ametajwa kwenye Qur'an katika kuwinda, na hii ni haja ya uhai. Chumba cha kuswalia Kahawa haingii, akilamba kitu kinaoshwa mara 7 moja ikiwa kwa mchanga. Tumeweka ndoo ya mchanga uani, tumezoea.

Bei yote ilifika dola 18,500, bima haikulipa hata senti, na mafunzo yalichukua miezi 11. Nyota niliyopunguza ni ya baada ya kukabidhiwa: mbwa anahitaji mazoezi ya makopo kila wiki la sivyo anafifia, na tulipokwama mwezi wa tatu tulipiga simu wiki mbili nzima bila kujibiwa. Alipokuja akakaa siku nzima akarekebisha, tena bila malipo, lakini zile wiki mbili sikulala. Anayetaka namba yake anicheki, na kama mtoto wako ndio kwanza ameanza sindano, nunua sensa kwanza, mbwa baadaye.