“Taa si imezima?” Gereji niliyopeleka sensa ya gurudumu la nyuma, Malindi

Hasira hii ninayo tangu masika na nlidhani itaniisha yenyewe, haijaisha, kwa hivyo naandika.

Kuna gereji moja hapa Malindi mjini, jina silitaji manake mwenyewe twakutana msikitini. Nliwapelekea pikapu wanibadilishie sensa ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Kitu chenyewe kimeshikwa na bolti moja, spana namba 10, na waya una soketi yake wachomoa wachomeka, basi. Fundi akiamka vizuri amemaliza kabla ya adhuhuri.

Gari yangu yabeba samaki. Napakia Ngomeni alfajiri, makasha ya barafu nyuma, na barafu ikianza kuyeyuka yale maji ya chumvi yanashuka kwenye bodi yanamwagikia ekseli yote, alafu bado upite Gongoni kwenye mashamba ya chumvi na upepo wake. Kwa hivyo kutu mie nimeizoea. Ila nkaanza kuona kitu kingine, ukikaribia kusimama, mwendo wa pole pole kabisa, kwenye bampu, pedeli ya breki yakugonga mguuni tetetetete na gari yajisukuma mbele kidogo kabla ya kushika. Siku za kwanza nkadhani ni breki zenyewe. Baadaye taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, ikawaka na ikakaa. Kumbe ile sensa kazi yake ni kusoma meno yanayozunguka pamoja na gurudumu, sasa kutu ikiota chini yake inainyanyua, inakaa mbali na meno, na spidi ikishuka haioni tena kitu, kompyuta yadhani gurudumu limejifunga na inaachia breki. Yaani waachiwa breki wakati ule ule unaoitaka. Kijana wa kupima magari akachomeka mashine ikatoa kodi ya kosa, C0210, na kwa hizi Toyota hiyo ni nyuma kulia. Sensa nkainunua mwenyewe Mombasa, jenuini, bei yake mke wangu hajaambiwa mpaka leo.

Gari ikalala pale. Njoo alasiri. Alasiri, njoo kesho. Kesho yake jioni napigiwa simu, gari tayari, taa imezima. Nkaenda nkaona kweli imezima, nkalipa, nkalipa hadi pesa ya “drili” ambayo sikuielewa ni ya nini.

Sasa siku si nyingi baadaye niko njiani natoka Mambrui, mvua, punda kajisimamia katikati ya lami hana habari na mtu. Nkakanyaga. Nyuma ikafunga ikaanza kwenda kando, tukafika mchangani mie na samaki wangu. Punda hakuguswa, hata hakugeuka. Nkakaa pale moyo unadunda, nkazima gari, nkafungua swichi tena bila kustati nkatazama dashibodi. Taa ya injini ipo, ya oili ipo, ya betri ipo. Ya ABS hakuna. Na hili wenye magari tushikane hapa: ukifungua swichi ile taa LAZIMA iwake sekunde chache alafu ndio izime, ndivyo gari inavyokwambia imejikagua. Isipowaka hata kidogo usifurahi. Ama balbu imekufa ama kuna mtu ameiziba.

Asubuhi nkaenda. Mwenyewe amekaa kiti cha plastiki chini ya mwarobaini, kahawa na kashata mbele yake. Ni mtu wa rika la ami yangu mkubwa, nkamtolea salamu. Hakuitikia. Nkatoa tena kwa sauti, nkasema labda ni kelele za grainda. Akamwangalia kijana anayefungua tairi akamwambia lete ile spana. Jamani, salamu aleikum, mtu unaswali naye safu moja! Nkameza. Nkamwambia, mzee wangu, ile taa ya ABS haiwaki hata nkifungua swichi, na jana breki za nyuma zimefunga, nusra niue punda wa watu. Akapuliza kahawa. Akanywa. Akasema, “Taa si imezima? Wataka izime mara ngapi?”

Vijana wakacheka. Mmoja ilibidi ainame nyuma ya bodi ya gari.

Wataka izime mara ngapi. Nimelala na hilo neno, nimeamka nalo, naendesha nalo. Mtu anakwambia hivyo na pesa yako iko kwenye mfuko wa shati lake! Na hakuishia hapo, nlipojaribu kusema tena akainyooshea kidole gari, “Na hiyo isogeze, yanuka, wateja waja.” Mie ni nani, si mteja? Samaki hao hao mkewe huwanunua Ijumaa na hulalamika wakikosa kunuka bahari.

Nisogee pembeni kidogo. Pale Ngomeni ninapopakia, ukitazama baharini yanaonekana yale majukwaa ya Waitalia ya San Marco. Mwaka 1970 hapo ndipo iliporushwa setelaiti ya Wamarekani ikaitwa Uhuru, ilipaa tarehe 12 Desemba siku ya Jamhuri, ikaenda kusaka eksirei za nyota huko juu. Yaani watu walifunga sensa ikafanya kazi angani, kutoka kwenye bahari yetu hii hii yenye chumvi hii hii, na bwana wa kahawa ameshindwa na bolti moja kwenye ekseli. Basi, turudi.

Nkapeleka kwa kijana mmoja mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi, hana gereji, ana turubai na sanduku la spana. Akapiga jeki, akaingia chini, kimya. Alafu nkasikia, “Ami, hebu njoo uone mwenyewe.” Nkajilaza. Sensa yangu ya Mombasa, mpya, ile ya bei ya siri, imefungwa juu ya ekseli na kile kifungo cha plastiki cha waya, inaning'inia kama hirizi. Haijachomekwa. Haisomi kitu chochote ila upepo. Na ile ya zamani bado imo tunduni, wameigonga ikakatika kichwa, wakajaribu kuitoboa na drili, hiyo ndiyo drili nliyolipia, wakaona kazi nzito. Tukafungua dashibodi. Kipande cha tepu nyeusi, kimekatwa kwa ustadi wallahi, saizi ya taa ya ABS kamili.

Yule kijana hakupiga nyundo hata mara moja hapo mwanzo. Alitia dawa ya kutu akaacha usiku kucha, asubuhi akatia tena, akawa aigonga pembeni pole pole kwa mpini wa bisibisi na kuizungusha na plaizi kidogo kidogo huku anaongea nayo. Akasema haraka hapa ndiyo mbaya manake kipande kikidondokea ndani kwenye yale meno utafungua ekseli nzima. Ikatoka vipande vipande vya unga wa kutu. Akasugua tundu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafuta, akayachungulia meno kwa tochi, akapima waya kwa mita akalinganisha na upande wa kushoto, akafunga, akarudisha waya kwenye klipu zake zote usisuguane na tairi. Akafuta ile kodi kwa mashine. Tukaenda mpaka daraja la Sabaki na kurudi. Taa ukifungua swichi yawaka, yahesabu kidogo, yazima. Breki kimya. Akataka pesa kidogo hata nkaona haya nkamwongeza na nguru mmoja.

Sasa nisiwe mtu wa kudhulumu. Ile gereji ya kwanza difu yangu, zile gia za ekseli ya nyuma, waliifungua wao muda mrefu uliopita na haijalia tena, na beringi walizofunga ziko salama. Na sensa iliyoota kutu ya chumvi huvunjika mkononi mwa yeyote, hilo hata kijana amesema, kuvunja sio dhambi. Wangenipigia simu, imevunjika bwana, tufanyeje, ningelipa tena nkashukuru. Kwa hivyo nlitaka kuandika hivi: difu na beringi pelekeni pale, vitu vya umeme msipeleke. Ni sawa, si ndiyo?

Lakini aliyekata tepu ya saizi kamili akaibandika juu ya taa ya breki, alafu akanywa kahawa, hiyo difu nayo alinifungia na nini ndani? Nimeandika hapo nkatoka nje kwenda kuisikiliza. Hailii. Hailii lakini sasa siiamini.

Pesa sijarudishiwa. Nlituma mtu akaambiwa mwenyewe amesafiri, na jana nimemwona sokoni ananunua embe.

Nyota moja. Ama mpeni moja na nusu kwa ajili ya difu. Hapana, moja, na hiyo moja ni ya yule kijana aliyejificha nyuma ya gari kucheka, angalau yeye aliona haya. Na jeki yangu nliiacha pale siku ya kwanza, ile nyekundu, naitaka.