Meza ya kusomea mtoto nyumbani: ipi ununue ukiwa Mwanza

Mtoto anayesomea nyumbani hamalizi saa nzima kwenye meza ya chakula bila kuchoka. Meza hizo nyingi zina kimo cha sentimita 75 hivi, kwa hiyo mtoto wa miaka 7 huandika mabega yamepanda, miguu inaning'inia. Kabla ya kuulizia bei, chukua tepu ya fundi cherehani. Mkalishe nyayo zikiwa sakafuni, akunje viwiko, upime kutoka sakafu hadi kiwiko. Mwenye kimo cha sentimita 120 hadi 140 kwa kawaida hutoshwa na meza ya 59 na kiti cha 35.

Namba moja kwangu ni meza ya paini ya kuchongesha kwa fundi. Paini hupandwa hukuhuku Kanda ya Ziwa, katika mashamba ya miti ya Rubya kule Ukerewe na ya Buhindi, na fundi anafuata vipimo vya mwanao. Dai mbao kavu. Mbichi ni nzito, ukiigusa ina ubaridi, na ikija kukaukia sebuleni hupinda. Miguu ifungwe kwa bolti, yenye matundu kila sentimita 5, ili meza ipandishwe mtoto anavyorefuka. Ncha za chini zipakwe rangi ya mafuta, maana maji ya kudeki ndiyo huanza kuozesha. Pitisha kiganja kwenye kingo zote kabla ya kulipa; ukihisi kibanzi, mrudishie apige msasa tena.

Mninga ni mzuri, sibishi, lakini fedha ya ziada heri iende kwenye rafu ya vitabu na taa.

Ya pili ni ubao wa kukunja ukutani kwa bawaba. Kwa aliyepanga chumba na sebule kule juu Mabatini au Igogo, ambako mzigo hupandishwa kwa vijia vya katikati ya mawe, hii ningeitanguliza hata mbele ya paini. Ila ukuta uwe wa matofali imara, ubao ushikwe kwa mikono ya chuma pande zote mbili, na mwenye nyumba aombwe ruhusa kabla ya kutoboa.

Plastiki ni ya tatu. Haiogopi maji, na umeme ukikatika unaihamishia barazani kwenye mwanga. Bonyeza pembe zote nne palepale dukani. Ikiyumba, iache, kwani anayejifunza kuumba herufi anahitaji meza tulivu.

Mwisho kabisa ni za MDF zinazouzwa kwenye boksi. Zinavutia macho, lakini ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi: maji yakipenya ukingoni huvimba, na hazirudi tena. Ukilazimika, kagua kama ukanda wa kingo umebanduka.

Yoyote utakayochagua, iweke dirisha likiwa kushoto kwa mtoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie daftari. Anayeandika kwa mkono wa kushoto, dirisha liwe kulia.