Mnyororo, kufuli la diski au king'ora: kipi cha kununua kwanza kwa pikipiki inayolala uani

Boxer au TVS HLX ina uzito wa kilo kama 120. Watu wawili wenye nguvu wanainyanyua na kuipakia kwenye Kirikuu bila hata kuiwasha, usukani ukiwa umefungwa vilevile. Kwa hiyo kifaa kinachozuia injini isiwake au tairi lisizunguke kinafanya nusu ya kazi tu. Kinachotakiwa kwanza ni cha kuishikiza pikipiki chini. Ndiyo maana, katika vifaa vyote vinavyouzwa Kariakoo na Gerezani, Dar, pesa ya kwanza iende kwenye mnyororo. Ila si mnyororo wowote.

Ule wa kukatwa kwa mita, wa milimita 8, unaong'aa, ni chuma laini. Mkasi mkubwa wa kukatia nondo unaumaliza kwa mbano mmoja, na haupigi kelele. Unaofaa ni wa chuma kilichokomazwa kwa moto, kuanzia milimita 13. Wa milimita 16 unaishinda mikasi ya mkono. Kuujua ni rahisi: omba tupa hapo dukani, uipitishe kwenye pete moja. Rangi ya juu itakwanguka, hilo lisikutishe. Angalia kilicho chini yake: tupa ikiteleza bila kuacha mfereji, chuma kimekomazwa, ikila, urudishe. Urefu wa mita 1.5 unatosha, na utaubeba kilo 5 au zaidi, hivyo ni wa kuachwa nyumbani, si wa kutembea nao kijiweni.

Kosa linaloharibu minyororo mizuri ni kumpelekea fundi chomelea aunganishe pete au aongeze kipande. Moto wa kuchomelea unaulainisha ule ukomavu, na hapo ndipo mkasi utakapopita. Mnyororo mfupi ubadilishe, usiunganishwe.

Namna ya kuufunga ina uzito uleule. Ukifunga tairi la mbele peke yake, mwizi anafungua nati ya ekseli na kukuachia tairi. Upitishe kwenye rimu ya nyuma na ndani ya fremu kwa pamoja, kisha ukazwe usiguse sakafu. Mnyororo ukilala chini, mwizi anaegemeza mkono mmoja wa mkasi sakafuni na kuukandamiza ule wa pili kwa uzito wa mwili mzima. Ukiwa juu na umebana, anabaki na nguvu za mikono tu.

Na uufunge kwenye nini? Wengi hufunga kwenye grili ya dirisha au geti. Bomba la grili lenye ukuta wa milimita 1.5 linakatika kwa msumeno wa chuma ndani ya dakika chache, tena kimya. Tengeneza pete ya sakafuni. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 40. Kunja nondo ya milimita 20 iwe upinde, na miguu yake ikunjwe kwenda nje huko chini. Miguu iliyonyooka huchomoka kwa jeki. Changanya saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 3. Kwa shimo hilo utatumia kiasi cha robo ya mfuko wa kilo 50, na kidogo juu yake. Upinde utokeze kiasi cha mnyororo kupita tu, ili midomo ya mkasi isipate nafasi ya kuingia. Mwagilia maji siku 7 kabla ya kufunga chochote. Pesa ya pete hii ni ndogo kuliko ya kufuli zuri, na bila pete kufuli hilo halina kazi.

Kufuli la kumalizia liwe la mviringo, lile ambalo shingo yake imefichwa ndani ya mwili. Kwa wa Tanga, Dar na Unguja, hewa ya chumvi hula kufuli: geuza tundu la ufunguo litazame chini, weka mafuta mepesi kila mwezi, wala usitie grisi, inakusanya vumbi hadi ufunguo unakwama.

Kufuli la diski lenye king'ora, lile linalobana sahani ya breki ya tairi, linasifiwa sana, lakini Boxer nyingi zina breki za dramu mbele na nyuma, hivyo halina pa kukaa. Kwa yenye diski ni nyongeza nzuri kwa sababu linaamsha nyumba. Udhaifu wake ni betri zile ndogo za saa, kwa kawaida 6, zinazochoka taratibu huku king'ora kikififia. Zibadilishe kabla hazijaisha. Funga kamba ya rangi kali toka kwenye kufuli hadi usukani, ikukumbushe kulitoa. Ukiondoka umelisahau, linagonga kalipa (kile kibanio cha breki) na pikipiki inakubwaga.

Swichi ya siri, ya kuzuia injini isiwake, inasaidia ikifungwa na fundi anayejua mfumo wa pikipiki husika. Kwenye pikipiki kadhaa za Kichina, swichi ya ufunguo huzima injini kwa kuupeleka waya wa CDI (kifaa kinachotoa umeme wa cheche ya plagi) kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki. Mwizi akichomoa soketi ya swichi hiyo, kiki moja inawasha. Kwa hizo, swichi ya siri nayo lazima ipeleke waya kwenye bodi, na iunganishwe karibu kabisa na CDI, si pale kwenye soketi ya ufunguo.

Kifaa cha GPS ni cha kutafutia pikipiki iliyokwisha kuibwa, hakizuii wizi. Kinachovuta miliampia 20 kinakula karibu Ah (ampia-saa) 0.5 kwa siku, kwa hiyo betri ya Ah 5 inafika nusu kwa siku kama 5 za kulala bila kuwashwa. Na laini yake ikiisha bando, kinanyamaza bila kukuarifu.