Rocky Balboa: Bondia Mzee Asiyeficha Uzee Wake

Mfululizo wa filamu ukifika sehemu ya sita huwa umekwisha kuchokwa, na huu wa Rocky, bondia wa Philadelphia, ulikuwa na sababu za ziada, kwa kuwa sehemu ya nne, ya mwaka 1985, ilimgeuza mpiganaji wa mtaani kuwa askari wa Vita Baridi, nayo ya tano, ya mwaka 1990, ikapeleka pambano lake la mwisho barabarani badala ya ulingoni. Kwa hiyo haikushangaza kwamba "Rocky Balboa" ya mwaka 2006, ambayo Sylvester Stallone aliiandika, akaiongoza na kuiigiza mwenyewe akiwa na miaka 60, ilidhihakiwa hata kabla ya kutazamwa. Kwa maoni yangu, hakuna mwendelezo unaoikaribia filamu ya kwanza ya mwaka 1976 kama huu, na siri yake ni kwamba hauoni haya kuuonyesha uzee.

Adrian, mke wa Rocky, amekwisha kufariki dunia kwa saratani. Mumewe anaendesha mgahawa wenye jina la marehemu, ambako hupita meza kwa meza akiwasimulia wateja mapambano yale yale ya zamani, huku Spider Rico, mpinzani aliyezichapa naye katika dakika za mwanzo kabisa za mfululizo, akipewa chakula bure na baadaye akijitolea kuosha vyombo. Anapokwenda makaburini, Rocky anachomoa kiti cha kukunja alichokihifadhi kwenye matawi ya mti, anakaa, na akiondoka anakirudisha pale pale. Hakuna anayetueleza ni mara ngapi amekuja. Kiti kimekwisha kusema.

Nusu ya kwanza, basi, inakwenda taratibu, na mtazamaji aliyefuata makonde pekee atanung'unika. Mimi nisingepunguza hata dakika moja, kwa sababu bila huzuni hiyo uamuzi wa kurudi ulingoni ungekuwa upuuzi mtupu. Hata kisa chenyewe cha kurudi ni chepesi: televisheni inaonyesha pambano la kompyuta kati ya Rocky wa enzi zake na bingwa wa sasa, Mason Dixon, nao mapromota wananusa fedha. Kinachokipa uzito ni kocha Duke, anayemworodheshea mzee huyo bila huruma yote ambayo mwili wake hauwezi tena, kuanzia kasi hadi shingo na viungo vilivyokakamaa, kisha anahitimisha kwamba kilichobaki ni nguvu za kupiga ngumi nzito. Mazoezi yote yanayofuata yamejengwa juu ya hesabu hiyo.

Udhaifu uko kwa Dixon. Anaigizwa na Antonio Tarver, bondia wa kweli aliyemwangusha bondia mashuhuri Roy Jones Jr. mwaka 2004, na miguu yake inadhihirisha tofauti mara tu anapoanza kusogea, lakini hati ya filamu imemnyima maisha nje ya ulingo, hivyo tunaambiwa tu kwamba mashabiki hawampendi kwa kukosa wapinzani wa maana. Mtoto wa Rocky naye anabadilika haraka mno: hotuba moja ya baba barabarani, na mara ameacha kazi.

Pambano la raundi 10 mjini Las Vegas limepigwa picha kama matangazo ya moja kwa moja ya televisheni, pamoja na takwimu kwenye skrini na sauti za watangazaji, jambo linaloondoa ile hali ya mabondia wa filamu za awali kupokea ngumi mia bila kujikinga. Katika raundi za kati mhariri anaingiza picha za rangi nyeusi na nyeupe zenye damu nyekundu, mbwembwe ambazo hazikuhitajika. Matokeo nayaacha kwa atakayetazama. Majina ya waigizaji yakianza kupita, usizime, kwani watu wa kila rika wanaonekana wakizipanda mbio ngazi za Jumba la Sanaa la Philadelphia, zile zile alizozipanda Rocky akifanya mazoezi katika filamu ya kwanza, wengine wakirusha ngumi hewani kwa fujo isiyo na ufundi wowote, na wanachekesha kweli.