Bima kubwa au bima ndogo: siku ya ajali nani analipa?

Kwa bei, bima ndogo (third party) haina mpinzani: gari binafsi Tanzania ni kama shilingi 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwemo. Bima kubwa (comprehensive) hukokotolewa kwa thamani ya gari, mara nyingi asilimia 3.5, gari la milioni 15 ni 525,000 kabla ya VAT.

Ajali ikitokea ndipo utaona tofauti. Ukimgonga mtu kwa kosa lako, bima ndogo humlipa yeye. Bampa lako ni juu yako. Gari lako likiibwa au kuungua, hupati kitu. Bima kubwa hutengeneza na lako, ila kuna kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe, na wengi hukijua gari likiwa tayari gereji.

Madai? Zote zinataka ripoti ya trafiki, leseni hai na taarifa ya haraka kwa kampuni. Usiguse gari kabla mkaguzi wao hajaliona. Ukigongwa wewe mwenye bima ndogo, unadai kwenye bima ya aliyekosea, na akikana kosa, jiandae kusubiri.

Gari la mkopo, benki itakuamulia: kubwa. Kigari cha milioni 4 unachomudu kukitengeneza, ndogo inatosha. Katikati hapo, jiulize kama likiharibika kabisa kesho una akiba ya kununua lingine.