Ulinzi wa kwanza wa nyumba kwa pesa chache: cha kununua kabla ya kufikiria bastola

Vijana wanaoanza kupanga nyumba Kisauni, Likoni na Mikindani hapa Mombasa huniuliza mara kwa mara ni bastola ipi ya bei nafuu inayomfaa mtu anayetaka kujilinda yeye na familia yake. Hofu yao naielewa, wala siidharau. Hata hivyo, nikiulizwa na mtu ninayemtakia mema, humwambia kwamba pesa zake za kwanza zimzuie mwizi nje ya mlango, kwa sababu akishaingia ndani kila kifaa huwa ghali na hatari zaidi. Mpangilio ufuatao ndio ambao mimi mwenyewe ningeufuata.

Nafasi ya kwanza naipa kitasa cha mlango, na hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji. Nyumba nyingi za kupanga hutiwa kitasa cha liva mbili, kwa kuwa ndicho cha bei ya chini dukani. Liva ni vile vibao vyembamba vilivyomo ndani ya kitasa ambavyo meno ya ufunguo huviinua. Vikiwa viwili tu, aina za funguo zinazoweza kutengenezwa huwa chache mno. Nilipokuwa nikikaa Majengo, jirani yangu wa mlango wa pili alirudi alfajiri kutoka zamu ya bandarini, akatia ufunguo wake kwenye mlango wangu kwa kukosea, ukazunguka mara moja na mlango ukafunguka. Alisimama kizingitini na mfuko wake wa chakula mkononi, akasema, "Niwie radhi, ndugu yangu, nilidhani ni kwangu." Siku hiyo hiyo nilinunua kitasa cha liva tano, nikamwomba mwenye nyumba ruhusa, na fundi akakibadilisha kwa muda usiofika saa moja. Ukikosa cha liva tano, chukua cha liva tatu, lakini usikubali cha mbili.

Kitasa kizuri hakisaidii kitu iwapo kimeshikwa na miimo iliyooza au skurubu fupi zinazong'oka kwa teke moja. Mwambie fundi atumie skurubu ndefu zinazopenya miimo hadi ukutani, kisha aongeze komeo mbili za ndani, moja juu na moja chini. Wazee wa Mji wa Kale walilijua jambo hili vizuri: nyuma ya milango yao ya nakshi, inayopigwa picha na wageni kila siku, kulikuwa na komeo zito lililobeba kazi yote ya ulinzi.

Cha pili ni kufuli la geti. Upepo wa bahari wa Mombasa una chumvi, na kufuli la chuma cha kawaida hushika kutu mapema sana, hasa kwa wakaao karibu na ufuo. Nunua lenye mwili wa shaba ya manjano au wa chuma kisichoshika kutu, na ikiwezekana lile ambalo upinde wake umefichwa ndani ya mwili, ili mkasi wa kukatia chuma usipate pa kushika. Angalia pia tumbuu, yaani pete ya chuma ambayo upinde wa kufuli hupita, kwani nimeona kufuli la bei kubwa likining'inia kwenye tumbuu iliyoshikwa na misumari miwili ya kupigilia mbao. Litie mafuta kidogo mara kwa mara.

Taa ya sola inayowaka yenyewe mtu anapopita naiweka ya tatu, kwa sababu haitegemei tokeni wala haizimiki umeme unapokatika mtaani. Ifungwe juu, mkono usipofika, na kioo chake kipanguswe vumbi na chumvi.

Grili za madirisha ni za nne kwa sababu ya gharama tu, si kwa sababu ya udhaifu. Sharti langu ni moja, nalo silegezi: angalau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na grili inayofunguka kwa ndani, na ufunguo wake utundikwe mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua hata gizani, kwa kuwa moto ukizuka mlangoni grili isiyofunguka huwafungia wenye nyumba ndani.

King'ora cha betri cha mlangoni ni rahisi na kinafaa iwapo majirani wamekubaliana kutoka kinapolia. Mlinzi wa usiku huwezekana ploti nzima ikichanga. Mbwa ni mlinzi hodari, ingawa wengi wetu hatumfugi kwa sababu za twahara, na anayemfuga anapaswa kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa.

Bastola naiweka ya mwisho. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka mtu awe na cheti kabla ya kununua, si baada yake, na anayekitoa hutaka kuridhika kwamba mwombaji ana sababu ya kweli na anaaminika kuimiliki. Hesabu pia haiishii kwenye bei ya silaha: kuna risasi, mafunzo, mazoezi ya kila mara, kuhuisha cheti, na sefu iliyofungwa ukutani kwa bolti. Nyumba zetu nyingi zimegawanywa kwa mbao nyembamba au mabati, na risasi inayomkosa mwizi huweza kupita hadi wanakolala watoto wa jirani. Silaha ya magendo usiisogelee kabisa, hata ukiambiwa ni rahisi kiasi gani.

Aliyekwisha kupata cheti na akaona bado anaihitaji, ningemshauri achague bastola ya milimita 9 inayomkaa vizuri mkononi badala ya ile inayosifiwa, na pesa atakazookoa azitie kwenye mafunzo na sefu. Asiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani chuma kitaanza kuota madoa ya kutu kikiwa humo humo ndani.