Huduma ya kumsaidia farasi kusimama kwa kamba baada ya nusukaputi: uzoefu wangu

Farasi wangu jike, mwenye uzito wa takriban kilo 500, alihitaji kutolewa kipande cha mfupa kilichomeguka ndani ya kifundo cha mguu wa mbele. Hospitali ya farasi niliyomkabidhi ilinipa hiari ya kuchagua namna atakavyoamka: aachwe peke yake chumbani hadi ainuke mwenyewe, au asaidiwe kwa kamba mbili, moja ya kichwani na nyingine ya mkiani. Nilichagua kamba. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri na sina la kuongeza juu yake, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni yale yaliyofanyika kuanzia pale gesi ya usingizi ilipofungwa.

Aliyezoea kumpeleka mbwa au paka kwa daktari huenda akaona ni ajabu mtu kuhofia kuamka kuliko kisu. Kwa farasi hofu hiyo ina msingi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, hata wakiondolewa waliopasuliwa kwa maumivu ya tumbo, takriban farasi 1 kati ya 100 alikufa ndani ya siku 7 baada ya nusukaputi, na karibu theluthi moja ya vifo vilivyorekodiwa ilitokana na mifupa kuvunjika au misuli kuharibika. Farasi ni mnyama wa kukimbia hatari, hivyo akipata fahamu amelala chini, jambo la kwanza analotaka ni kusimama, hata kama miguu yake haijawa tayari kumbeba. Wapenzi wa mbio za farasi wanamkumbuka farasi jike Ruffian, ambaye mwaka 1975 alitoka katika upasuaji akiwa hai, kisha akajitupatupa wakati wa kuamka na kuuharibu mguu uliokuwa umetengenezwa, ikabidi auawe kumwondolea mateso. Farasi mwingine wa mbio, Barbaro, alipovunjika mguu mwaka 2006 aliamshwa akiwa ndani ya boya kwenye bwawa la maji, ili asipate mahali pa kujigonga. Bwawa kama hilo ni hospitali chache mno zilizo nalo. Kamba ndiyo njia inayopatikana kwa wengi wetu.

Mtaalamu wa nusukaputi alinieleza mpango wake kabla ya kuanza, na maelezo hayo ndiyo yaliyonifanya niiamini huduma hii. Farasi angetulizwa kwanza kwa romifidini kupitia mrija uliowekwa kwenye mshipa wa shingoni, kisha angelazwa kwa ketamini na midazolamu, na kuendelea kulala kwa gesi ya isoflureni. Muda wote wangelinda shinikizo la damu lisishuke chini ya wastani wa milimita 70 za zebaki, wakiongeza dobutamini, dawa ya kulipandisha, ikihitajika, kwa sababu misuli inayolaliwa na mwili mzito bila kupata damu ya kutosha huharibika, na farasi mwenye misuli ya namna hiyo hawezi kusimama hata akisaidiwa na watu kumi. Nilipenda pia kwamba hatamu ilivuliwa mara alipolala, kwa kuwa kifungo chake cha chuma kikikandamiza shavu kwa muda mrefu kinaweza kupoozesha neva ya uso.

Niliruhusiwa kutazama kuamka kwake kupitia skrini. Chumba kilikuwa na kuta zenye magodoro, sakafu isiyoteleza na pete imara ukutani za kupitishia kamba. Taa zilipunguzwa, macho yakafunikwa kwa taulo na masikio yakazibwa kwa pamba. Kibofu kilikuwa kimekwisha kutolewa mkojo kwa mrija, maana dawa za kutuliza huongeza mkojo na sakafu ikilowa huwa hatari. Puani aliachiwa mrija mwingine, kwa kuwa farasi hapumui kwa mdomo, na pua iliyovimba kwa kulala muda mrefu inaweza kumziba pumzi kabisa.

Kisha wakafanya jambo ambalo mgeni angeliona ni kinyume: walimchoma tena romifidini kidogo, wakati mimi nilikuwa natamani afumbue macho. Sababu yake ni kwamba isoflureni hutoka mwilini kwa njia ya pumzi, na farasi anayejaribu kusimama ingali imebaki nyingi huwa kama mlevi mwenye nguvu. Dozi hiyo ndogo humzuia chini hadi gesi ipungue. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya huduma hii, kuliko hata kwenye kamba zenyewe, ambazo watafiti bado wanabishana kuhusu kiasi cha ajali zinazozuia.

Aligeuka, akalalia kifua kwa muda mrefu, masikio yakianza kucheza. Alipojiinua, wahudumu wawili waliokuwa nje ya chumba walikaza kamba kwa pamoja: ya mkia ilimpa nguvu ya nyuma, ya kichwa ilimzuia asipige ukuta kwa paji la uso. Jaribio la kwanza lilimshinda na akarudi chini taratibu, bila kishindo. La pili alisimama akiyumba, nao wakaendelea kumshikilia hadi miguu ya nyuma ilipoacha kupishana. Hakuna aliyeingia chumbani kabla ya hapo, na naliona hilo kuwa dalili ya watu wanaoijua kazi yao.

Kasoro yao ilikuwa katika maelezo ya baadaye. Nilikabidhiwa farasi na karatasi ya kutunza bandeji tu, ilhali dawa hizi hupunguza mwendo wa utumbo, na mwenye farasi anapaswa kuambiwa ahesabu vinyesi, aanze na chakula kidogo chenye maji, na apige simu akiona mnyama anajipiga tumbo kwa mguu, amekakamaa misuli au anakojoa mkojo wa rangi ya kahawa. Niliyajua hayo kwa kuuliza. Pia hawakunipa nakala ya rekodi ya nusukaputi hadi nilipoiomba, ingawa daktari atakayemlaza tena siku nyingine ataihitaji.

Ningeichagua tena kwa farasi huyu, ambaye amezoea kushikwa na hana pupa. Kwa yule asiyevumilia kamba kichwani, daktari alinishauri waziwazi kwamba kumvuta kunaweza kumtia wazimu zaidi, na kwamba ni bora aachwe aamke mwenyewe akiwa ametulizwa vizuri au, kama tatizo linaruhusu, apasuliwe akiwa amesimama kwa dawa ya kutuliza na ganzi ya mahali.